Sura ya Nne: Sangala Nambari Moja

Jumamosi hiyo Kudra aliingia mtaa wa Cibitoke saa saba mchana, viatu vyake vikiwa bado na matope ya kazi za pamoja za asubuhi. Mkobani alikuwa na daftari, miwani, na kipande cha sangala wa kukaanga alichofungasha nyumbani kwa chakula cha mchana. Sangala huyo alitoka dukani kwa Herménégilde, kule Quartier Asiatique, ndani ya friza safi, amefungwa kwenye plastiki bila ngozi wala mwiba. Kwa miaka kumi na moja, kila Ijumaa, Kudra hakuwahi kununua kwingine. Tangu astaafu polisi alijivunia mambo mawili tu: kwamba hakuwahi kumfunga asiye na hatia, na kwamba anamjua samaki mzuri.

Maabara ya mtaa ilikuwa gereji ya zamani. Juu ya mlango mtu alikuwa ameandika kwa chaki: INGIA, HAPA HAKUNA ANAYEJUA KILA KITU. Ndani bado palinukia mafuta ya injini, lakini pale magari yalipokuwa yakiinuliwa sasa palikuwa na meza mbili ndefu, na kwenye meza hizo wanawake wawili na dereva mmoja wa pikipiki walikuwa wakigombea zamu ya hadubini. Kila Jumamosi mchana mtu yeyote aliruhusiwa kuja na kufanya sayansi kwa mikono yake mwenyewe. Walishatoa vinasaba kwenye ndizi mbivu kwa sabuni na chumvi, walishatazama hamira ikizaana, na mwanamke mmoja alikuwa bado hajamaliza kuwasimulia majirani zake kuhusu hiyo hamira.

Mwenye wazo lile lote alikuwa Irène, mwalimu wa biolojia mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe. Ndiye aliyempigia Kudra simu.

"Karibu, Mama Inspecteur," alisema. "Saa kumi na moja Maxime wa comité ya soko anakuja kuchukua meza ya Léocadie. Tuko na saa ine tu."

"Basi tusipoteze hata moja. Nionyeshe ile picha."

Picha ilikuwa imebandikwa ukutani: karatasi nyeusi yenye mistari myeupe. Kudra alivaa miwani. Irène akaelekeza kwa kalamu.

"Hii ni jeli, Mama, laini sana. Iko na vishimo munane. Cha kwanza na cha mwisho naweka ngazi, ile ya kupimia, mi mwenyewe. Katikati tunaweka samaki sita, matone ya vinasaba vyao. Courant, ule umeme, inavivuta. Sangala wa ziwa anatoa mistari mbili. Tilapia ya friza anatoa mumoja."

Kudra alihesabu. Watano walikuwa na mistari miwili. Mmoja, wa kwanza kushoto baada ya ngazi, alikuwa na mmoja tu.

"Na huyu wa kwanza?"

Irène aliteremsha sauti. "Ni samaki ya Léocadie."

"Mulipima mara moja?"

"Mara mbili. Jumamosi ile, tena Jumatano. Sawasawa kabisa."

Kudra aliandika: mara mbili, sawasawa. Kazini alikuwa akiwaogopa mashahidi wawili wanaosema jambo lilelile neno kwa neno kuliko wale wanaopingana. Wanaopingana angalau hawakukaa pamoja. Kisha akanakili orodha ya sampuli kutoka daftari la maabara: moja, Léocadie; mbili hadi tano, wauzaji wengine wanne wa soko la Cibitoke; sita, friza ya Herménégilde, Asiatique, ya kulinganisha. Alipoandika hilo la sita alitikisa kichwa kwa ridhaa, kama mtu aliyekutana na ndugu safarini.

Léocadie alikuwa ameketi nyuma, ndoo yake ya samaki miguuni, tupu. Alikuwa mwanamke mnene wa Uvira, na wiki mbili zilizopita sauti yake ilisikika kutoka sokoni hadi barabara kuu. Sasa watoto wa mtaa walimwita Mama Tilapia, na wateja wake wa miaka mingi walikuwa wakipita mbele ya meza yake wakitazama mbali.

"Ni nani alileta wazo la kupima samaki?" Kudra aliuliza.

"Ni mi! Mi mwenyewe na kinywa yangu!" Léocadie alijipiga kifua. "Nilimwambia Irène, tupime samaki ya soko, watu waone namna tunauza kitu ya kweli. Nikasema yangu iandikwe namba moja. Namba moja, Mama! Nilikuwa najisifu."

"Nani alikata kile kipande?"

"Mi."

"Nani alifunga kichupa?"

"Mi. Nikakipaka hii." Akanyoosha vidole. Kucha zilikuwa zimepakwa rangi nyekundu inayowaka. "Ili kisipotee na za wengine."

"Samaki unatoa wapi?"

"Kajaga, pembeni ya ziwa, ku bavuvi, saa kumi na mbili ya asubui. Anafika ku meza angali anatingisha mukia. Tilapia ya friza mi nitaitoa wapi? Sina hata friza!"

Kudra aliandika: hana friza. Alipoinua macho aliona machozi yakishuka taratibu kwenye mashavu yale makubwa.

"Ile meza, Mama Inspecteur, niliipata mwaka nilivuka mupaka toka Uvira na mutoto mugongoni. Siku hizi huyo mutoto anasoma université. Wakiniondoa pale, sina kingine kitu naweza kusema ni changu."

Kudra hakuwa mtu wa kufariji kwa uongo. Alimpa leso na kwenda kwenye jokofu.

Vichupa sita vilikuwa palepale kwenye kishikio chake. Cha kwanza kilikuwa na rangi nyekundu ya kucha ubavuni. Rangi haikukwanguliwa, namba haikufutwa. Ndani ya kila kimoja bado kulikuwa na kitone, na Irène alisema kinatosha kupima mara moja tu, si zaidi. Basi hakuna aliyebadilisha kichupa. Kama kulikuwa na mkono mchafu, ulipita mahali pengine, na Kudra tayari alikuwa na mkono anaoufikiria.

Maxime, mwenyekiti wa kamati ya soko, alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu ng'ambo ya barabara. Watu watatu walikuwa wamemnong'oneza Kudra kwamba shemeji yake Maxime anatafuta meza sokoni.

"Ni kweli, anatafuta," Maxime alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyoifumua. "Anauzaka tomate na pilipili. Meza ya samaki atafanyia nini, apikie supu?"

"Jumamosi ile ulishika vichupa."

"Nilishika vyote! Nilikuwa mwanafunzi, Mama. Irène alinipa ile pipeti, nikamwaga matone ku meza, ku suruali yangu, mahali pote, ila ku kishimo tu. Wakanifukuza. Walinicheka mpaka nikaenda kununua fanta."

"Nani akaweka, kama si wewe?"

"Mzee Taju. Mikono yake haitingizikaki."

"Na Jumatano?"

"Mzee Taju tena. Nani mwingine?" Sasa Maxime aliweka bisibisi chini. "Mama, unisikie. Bibi yangu ananunuaka samaki kwa Léocadie tangu tuoane. Unafikiri nafurahi? Nyumbani tangu ile siku nakula maharage na bibi hanisemeshi. Mais karatasi iko ku mukuta. Imesema mara mbili. Mi ni président wa comité, nitaambia watu nini?"

Kudra akapiga mstari juu ya jina lake daftarini. Mshukiwa wake pekee alikuwa amemponyoka katika dakika nne, na aliyebaki hakuwa mtu wa kushukiwa hata kidogo.

Mzee Tajudini alikuwa fundi wa pikipiki kutoka Buyenzi, miaka sitini na miwili. Alikuja maabara mara ya kwanza kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja. Vidole vyake, vilivyozoea kurekebisha kabureta, viliweza kudondosha kitone cha vinasaba kwenye kishimo kidogo kuliko punje ya mchele bila kutoboa jeli. Irène alikuwa akisema chuo kikuu kizima hakina mikono ile.

"Dada Kudra, wallahi," alisema mara Kudra aliporudi maabara, kabla ya kuulizwa, "kama kuna kosa, liwe langu. Lisiwe la yule mama. Siku hizi silali."

"Uliweka matone mara zote mbili?"

"Zote mbili."

"Irène alikuwa wapi wakati unaweka?"

"Alimaliza kuweka ngazi zake, akaenda kuangalia courant. Si unajua courant ya hapa."

"Ulipomaliza, ukafanya nini?"

"Nikaenda msikitini. Alasiri ilikuwa imeadhiniwa. Kurudi nikakuta karatasi iko ukutani na Léocadie analia."

"Na Jumatano?"

"Saa ileile, msikiti uleule."

"Kwa hiyo ile mistari hukuisoma na Irène hata mara moja."

"Kusoma mistari si kazi yangu. Mi ni mikono, macho ni ya Irène." Akainuka, maana alikuwa mtu asiyeweza kuhuzunika huku mikono yake imelala. "Ngoja niwape kahawa. Mtu hawezi kutafuta kitu na koo kavu."

Kahawa ya Tajudini ilikuwa na tangawizi ya kutosha kumwamsha mgonjwa. Watu sita walikuwa wamejipanga kwenye benchi refu kando ya ukuta. Kudra alikuwa mwisho mmoja, Irène mwisho wa pili, na katikati walikaa Léocadie, wale wanawake wawili wa hadubini na dereva wa pikipiki. Tajudini alisimama mbele yao na birika, akasema bismillahi, akamimina kikombe cha Kudra, kisha cha pili, kisha cha tatu. Kudra alipokea kwa mkono wa kulia, naye akasema bismillahi, akanywa. Hapakuwa na la ajabu hapo. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake kabla hajajua kutembea.

Birika lilifika kwa Irène likiwa limebaki machicha.

"Mzee Taju!" Irène alilalamika huku akicheka. "Kila siku mi ndiye napata machicha! Si mi ndiye chef wa labo?"

"Chef akae kulia, atakunywa wa kwanza," Tajudini alimjibu, na benchi lote likacheka.

Kudra hakucheka. Kikombe chake kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Aliinuka, akaenda kusimama kando ya Tajudini, akalitazama benchi kutoka pale alipokuwa mmiminaji.

"Mzee Taju. Ku hii benchi, nani ni wa kwanza?"

"We. Ulikuwa pale kulia."

"Wa sita?"

"Irène."

"Irène, simama uje hapa karibu yetu. Ungekuwa unasoma hili benchi kama daftari, wa kwanza ni nani?"

"Ni mimi," Irène alisema. "Kwa sababu nilikuwa kule kushoto, mwanzo wa..."

Kudra hakumngojea alimalize. "Lete jeli ya zamani, ya kutupa. Na maji yenye rangi."

Waliiweka jeli mezani, vishimo vinane, maji ya bluu kando. Watu wote wakazunguka. Kudra alimkabidhi Tajudini pipeti.

"Fanya kama siku ile. Ngazi za Irène zimeshawekwa, huku na huku. Niwekee namba moja."

"Bismillahi," alisema Tajudini. Mkono wake ukateremka bila kutetemeka na kudondosha kitone cha bluu kwenye kishimo cha pili kutoka kulia.

Irène aliinama juu ya jeli.

"Yesu wangu," Irène alisema, mikono kichwani. "Na mi kila siku nasoma kuanzia kushoto."

Tajudini aliwatazama mmoja mmoja. "Kuna shida?"

"Unaanzaka kulia, Mzee Taju?" Irène aliuliza.

"Mi? Kila kitu! Kuvaa, kula, kugawa, kuingia msikitini. Kitu chema kinaanza kulia." Alishangaa kwa dhati kabisa. "Kwani kuna mutu anaanzaka kushoto?"

Dereva wa pikipiki ndiye aliyeangua kicheko cha kwanza, na baada yake hakuna aliyejizuia. Irène alicheka huku akijipiga paji la uso, kwa sababu sasa alikumbuka jambo jingine: ngazi aliziweka pande zote mbili ili picha ipendeze. Ingekuwa upande wa kushoto tu, kishimo kingebaki kitupu kando yake na kumwambia palepale kwamba samaki wamepangwa kwa kurudi nyuma. Masomo ya nyuma yote yalikuwa ya ndizi na vitunguu kwenye glasi; jeli yenye samaki tofauti ilikuwa ya kwanza kwao. Walirudia kipimo mara mbili kwa mikono ileile yenye adabu ileile, wakapata kosa lilelile.

Kudra alibandua picha ukutani, akaisoma kutoka kulia. Namba moja, mistari miwili. Mbili, miwili. Tatu, miwili. Nne, tano, miwili, miwili. Alipofika ya sita, yenye mmoja, akafungua daftari lake, akalitazama jina aliloliandika kwa ridhaa kubwa mchana ule. Kisha akafunga daftari na kulitia mkobani, juu ya kile kifurushi cha chakula alichokuwa bado hajakigusa.

"Umeona nini, Mama?" Léocadie aliuliza.

"Nimeona karatasi. Maxime hatataka karatasi niliyoigeuza mi na mikono yangu. Atataka kuona." Akamgeukia Irène. "Matone yanatosha mara moja, si ndiyo? Basi safari hii ataweka Léocadie. Kuanzia kushoto."

"Mi?" Léocadie alirudi nyuma hadi akagonga ndoo. "Mi nitatoboa jeli!"

"Hutatoboa," Tajudini alisema. Alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika kiwiko kwa heshima, kwa vidole viwili tu. "Vuta pumzi. Ngoja mkono utulie. Ukitulia, teremsha polepole, kama unatoa mwiba ku kidole ya mutoto."

Akavuta pumzi. Tone la namba moja, kutoka kichupa chenye rangi ya kucha zake, likateremka kwenye kishimo cha pili kutoka kushoto na kukaa. Kufikia namba sita jasho lilikuwa likimtiririka shingoni, na alikuwa akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Umeme ukawashwa saa kumi kasoro robo. Adhana ya alasiri ilipolia, Tajudini alikataa kwenda mbali. Aliswali uani, kwenye mkeka wake, na alipotoa salamu alirudi ndani haraka kiasi kwamba alisahau kandambili moja nje. Maxime naye alifika mapema, bado ana bisibisi mfukoni, na mkewe nyuma yake, ambaye hakuwa amealikwa na mtu.

Saa kumi na nusu Irène aliipeleka jeli kwenye boksi la katoni lenye tundu la kuchungulia, akawasha taa ya bluu. Hakuchungulia yeye. Alimsukuma Léocadie mbele.

Léocadie aliinama, akaweka jicho kwenye tundu. Mgongo wake mpana haukusogea kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono nyuma yake, hewani, na kuinua vidole viwili.

"Mbili!" akapiga kelele, ile sauti yake ya zamani, ya kusikika hadi barabara kuu. "Mistari mbili! Mana weee! Namba moja, mistari mbili!"

Vigelegele vya mke wa Maxime viliwafikia watu wa sokoni kabla ya habari yenyewe. Maxime alichungulia, akahesabu kwa kidole mara mbili, akaichana ile karatasi ya zamani vipande vipande. "Meza ni yako," alisema. "Jumatatu nitatangaza mbele ya soko zima, na nitasema pia kosa lilitoka wapi." Tajudini alianza kuomba msamaha; Léocadie alimkumbatia kabla hajamaliza, akamfuta machozi kwa leso ya Kudra.

"Yaya Taju, kaka yangu, usilie. Kama si wewe, leo ningejua wapi kutumia hii pipeti?" Halafu akageuka, macho yake yakiwa makali, macho ya mfanyabiashara. "Mais ngoja kwanza. Huyu namba sita, mwenye mustari mumoja. Ni nani huyo anauzia watu tilapia na anaiita sangala?"

Kila mtu akamtazama Kudra, maana orodha alikuwa nayo yeye. Mpelelezi aliyewahi kukaa uso kwa uso na majambazi bila kupepesa jicho aliangalia chini, akafungua mkoba. Hakutoa daftari. Alitoa kile kifurushi, akakifungua mezani, na kipande kizuri cha kukaanga, bila ngozi wala mwiba, kikalala pale katikati ya vichupa.

"Ni duka la Herménégilde, Asiatique," alisema. "Kama anadanganya au naye amedanganywa, Jumatatu asubuhi nitakuwa mulangoni kwake. Hilo nitalijua." Akakigusa kile kipande kwa kidole. "Lakini samaki mwenyewe ndiye huyu. Namununua kila Ijumaa. Miaka kumi na moja."

Maxime alijaribu kujizuia, akashindwa. Irène akavua miwani ili acheke vizuri. Hata Tajudini aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Kudra aliona aibu, aibu ya kweli, na katikati ya aibu hiyo akajikuta anacheka nao mpaka mbavu zikamuuma.

Léocadie hakucheka. Aliokota ndoo yake, akaiweka kichwani, akaja kusimama mbele ya Kudra akiwa amenyooka.

"Kesho asubui ukuje ku meza yangu, Mama Inspecteur," alisema. "Utakula sangala kwa mara ya kwanza."